Tufuate Mdomo au Mkono?

Leo nimeaibika mbele ya akina mama kumi na wawili wa Matai. Nimewahesabu mara mbili, hakuna aliyekosa.

Mimi nauza mashine za mkono za kupukuchulia mahindi, hapa Katandala. Kikundi chao kilisema kitachukua sita, wakielewa kuzitumia. Nikaona safari ya nini, nirekodi video. Simu nikaiegemeza kwenye debe, kamera ya mbele ili nijione (shati lilikuwa jipya). Nikasema, "Mpini unazungusha kulia." Nikazungusha. Nikatuma, nikasubiri sifa.

Asubuhi hii akapiga mwenyekiti wao, Mama Kristina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, tufuate mdomo au mkono?"

"Mdomo gani?"

"Wako. Mdomo unasema kulia, mkono unakwenda kushoto. Huku tumegawanyika. Wengine wako na mdomo, wengine na mkono."

Nikaitazama video. Nikaitazama tena. Kweli, mkono ulikwenda kushoto. Nikauangalia mkono wenyewe, nikaanza kuutilia shaka. Hata maandishi ya kifuani yalisomeka kinyumenyume (nikamlaumu aliyeniuzia shati).

Nikabeba mashine, nikaenda Matai mwenyewe. Wamekaa, nimesimama mbele yao.

"Kulia," nikasema.

"Kulia kwako au kwetu?" akauliza bibi mmoja.

Swali dogo tu. Nikageuka, nikafikiri, nikageuka tena. Sasa sikujua hata kwangu ni wapi. Nikazungusha, mkono ukaenda kushoto. Gunzi, badala ya kushuka, likaruka juu, likanigonga kwenye paji la uso. Punje zikafuata.

"Basi mdomo umeshinda," akasema bibi yule, na nusu ya kikundi wakapeana mikono.

Mama Kristina akachukua simu yangu, akaicheki. "Hii ni kamera ya kujipodolea, baba. Inageuza kama kioo." Akatoa yake, akasimama nyuma yangu, akarekodi juu ya bega langu. Mikono na mashine, basi. "Zungusha. Usiongee."

Wakaitazama mara moja. Kila mmoja akajaribu, kila mmoja akapatia. Hata bibi.

Mashine sita wamechukua. Sharti lao: video ya kufundishia wengine iwe hiyo ya mama, bila uso wangu wala maelezo yangu. Nimebishana nao karibu saa nzima ili angalau nisikike. Wameniachia kikohozi kimoja, pale mwanzo.