Basi Yenye Kiuno

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Jumatatu, 8 Septemba

Mtoto wangu Divin iko na akili kupita batoto yote ya hapa. Siyo sifa, njo ukweli! Amepata minibasi mbili zilizokufa kule Mponela, anaziunga ziwe basi moja ndefu. Anasema zamani Ulaya basi ndefu zilishindwa na kona, njo wakazikata kati na kuzipa kiuno. Chini sahani ya chuma inayozunguka. Juu soufflet, ile ngozi ya mikunjo ya kuzuia upepo. Wahungaria walitengeneza nyingi sana. Moteur, ile injini, ikisukuma toka nyuma, basi inaweza kujikunja kama kisu. Ya Divin iko mbele, inavuta. Ingénieur huyo!

Jumamosi patron, mwenye garage moja ya Old Town kule mjini, anakuja kuiona. Akipendezwa, Divin anapata kazi. Sahani iko. Soufflet hakuna. Nimemwambia we tulia, mama yako ni fundi wa jipe za plisé, sketi za mikunjo.

Jumanne, 9 Septemba

Bashi! Mi njo natunza bashi ya kilio ya kanisa, turubai tunayowafungia waliofiwa. Mwezi huu hakuna aliyekufa. Inalala bure! Nimekata katikati tu.

Mama Ernestine, rais wa bamama wa kanisa, akapita. Akauliza kwa nini kwangu kunanuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Nikasema ni mihogo. Wivu tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemaliza. Mikunjo kama ya bibi harusi wa Bukavu! Upepo hakuna, lakini soufflet inavuta pumzi. Inajaa, inashuka. Divin anasema ni joto. Nimeichapa kofi, ikatulia. Kisha ikanisukuma mkono.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo kujaribu. Bamama wakapanda kwa vicheko, Mama Ernestine mbele, akinitania eti sasa navalisha magari sketi. Wakafika kwenye kiuno. Mama Ernestine akavua viatu, akaketi chini. Hivyo njo tunaingia kwenye kilio: hakuna kusalimia, unaketi kwanza. Wengine wakamfuata. Basi ikakata kona vizuri kabisa, na hakuna aliyepiga makofi!

Waliposhuka, Mama Ernestine akaniuliza yule mama aliyekuwa analia kule nyuma ni nani. Nyuma hakukuwa na mutu. Akashika mshono, akaitambua bashi. Akaniambia niirudishe leo leo. Nikamjibu, patron aione kwanza. Divin alikuwa hajui. Ameniangalia kama si mimi niliyemzaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Patron amefika, mutu wa tumbo na kicheko, zikomo huku, zikomo kule, ile asante ya Wamalawi. Akaisifu sahani. Akaingia kwenye kiuno. Kicheko kikakatika. Akavua kofia, akaketi chini. Mumalawi, desturi yetu ameijulia wapi? Moteur ilikuwa imezimwa. Sahani ikalia, basi ikajikunja yenyewe, polepole, mpaka ikaelekea njia ya makaburi.

Patron akatorokea dirishani. Na tumbo lile!

Divin akamweleza kila kitu, bila hata kunificha kidogo. Aibu! Patron akajifuta jasho. Akasema mutu wa sahani nzuri na ulimi wa kweli aje Jumatatu. Peke yake. Bila basi. Na bashi irudi kanisani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeirudisha, nimeziba tundu, nimesamehewa mbele ya kanisa zima. Mama Ernestine alifurahi mno kunisamehe. Divin amenikumbatia, ameniomba nisiguse tena basi yake. Maskini, anaona haya kuomba msaada.

Patron alisema bila basi kwa sababu aliona kiuno kimoja. Ziko basi za viuno viwili, miili mitatu! Afungue garage kesho, aikute mlangoni. Na Mama Ernestine anatunza hema nyeupe ya harusi. Harusi! Nani ataketi chini humo?

Mama huyo alipokwenda kwaya, nimeingia kwake kupima hema. Nilipoikunjua, ndani kabisa mutu akapiga vigelegele.

Dalili nzuri. Nimekata.