Setilaiti ya Kamati Yashikwa na Mtetemo

Despina, mhandisi wa setilaiti, alikuwa ameshawasha gari, mabegi nyuma, ufito wa kuvulia samaki umechomoza dirishani, anaelekea Ceduna kwa mjomba wake mfuga chaza. Ndipo redio ya Raelene, muuza pai wetu hapa Port Adelaide, ikatangaza: setilaiti ya kutazama moto wa nyika, ile aliyoichora Despina, inatikisika, picha zote ukungu, jioni itazimwa moja kwa moja.

"Oya, Despina!" akapayuka Bolti, fundi mitambo mstaafu. "Mtoto wako wa angani anaumwa, wewe unakimbilia chaza?"

"Nimeacha kazi, mzee wangu. Muulize huyo kwa nini."

Huyo ni bosi wake, Grantley. Sisi tunamwita Kamati, maana hata pai haagizi bila kikao. Alikuwa ameinamia pai yake ya nyama iliyoelea kwenye supu ya njegere, kama tunavyoila hapa.

"Setilaiti ina mkono mrefu wa paneli za jua," Despina akasema, kichwa nje ya dirisha. "Kwenye kompyuta tuliuchora mgumu kama mtaimbo. Kumbe kule juu unapepea! Setilaiti ikihisi inayumba, inajirekebisha. Ikijirekebisha, mkono unapepea zaidi. Vipima mtetemo vinaonyesha kabisa. Iachwe isijirekebishe, mkono utulie wenyewe."

"Yaani nimwambie waziri tumekaa tu?" Kamati akang'aka.

"Kwani kukaa kumekushinda lini?" Raelene akamtupia.

Despina akashuka, akachomoa ufito, akaning'iniza mkate wa soseji kwenye ncha. "Shika huku, bosi. Soseji isicheze."

Kamati akashika. Ncha ikaenda kushoto, akavuta kulia. Ikaja kulia kwa kasi, akarudisha kushoto.

"Isaidie, bosi!" Raelene akapayuka.

"Iundie tume!" akadakia Bolti.

Ncha ikawa inachapa kama mkia wa ng'ombe aliyevamiwa na nzi. Soseji ikachomoka, ikatua puu! kwenye supu ya Kamati mwenyewe. Shati lote kijani.

Despina akatundika nyingine, akashika ufito, akatulia. Soseji ikayumba, ikapunguza, ikasimama.

"Umefanyaje?" Kamati akauliza, njegere kwenye nyusi.

"Sijafanya kitu."

Kamati akajifuta, akapiga simu chumba cha uongozaji. "Iacheni isijirekebishe. Ndiyo, makusudi. Nimesema mimi." Akasikiliza kidogo. "Hapana. Hakuna kikao."

Raelene akadondosha kijiko.

Setilaiti ilitulia kabla ya jioni, na kiangazi kile iliona moto wa kwanza nyuma ya vilima kabla ya mtu yeyote kunusa moshi. Despina alirudi kazini, akauchora mkono upya, safari hii unapinda. Kamati alipandishwa cheo, akahamia Canberra kufundisha maofisa uongozi wa utulivu; anaufundisha kwa vikao. Raelene aliuza kibanda cha pai, akaolewa na Bolti, na wanabishana hadi leo. Mimi, pai zilipokwisha, nilihamia Darwin.