Mchumba wa Kampuni Mama

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwona! Kwa mbali, akiingia ndege kubwa, skafu nyekundu shingoni. Mwaka jana tulikuwa tunagawa karanga pamoja kwenye kindege chetu cha pangaboi. Kisha kampuni mama ikamchukua. Sisi wa kampuni tanzu kazi yetu kuokota abiria miji midogo na kumkabidhi mama. Mimi nimemkabidhi hadi mchumba.
Nimepunga mkono. Aliyenijibu ni dereva wa mizigo.

Jumatano, 5 Juni
Mpango! Safari ya asubuhi inatua uwanja mkuu kabla yeye hajaruka. Nimemwomba Mtanashati, mhudumu mwenzangu, tubadilishane zamu. Amekubali, ila nimfanyie na ya Jumamosi. Mnyonyaji!

Alhamisi, 6 Juni
Tumechelewa. Bibi mmoja kagoma kuketi hadi begi lake lipakiwe. Nikamwambia limeshapakiwa. "Umeliona wewe, mjukuu wangu?" Sikuliona. Nikashuka kulitafuta.
Tulipotua, ndege kubwa ilikuwa inaacha ardhi. Nikaitazama hadi ikawa nukta. Shingo inauma. Moyo ndio usiseme.

Ijumaa, 7 Juni
Usaili wa kampuni mama. Wanataka mtu afikie kabati la juu bila kuchuchumia. Nikajaza magazeti viatuni. Nimelifikia! Kisha wakaniambia nitembee.
Mtanashati anafikia kabati hilo kwa kiwiko. Simpendi.

Jumamosi, 8 Juni
Abiria wa mwisho kupanda: yeye! Anakwenda likizo kwao, mji ambako ndege yetu inalala leo. Nimemmwagia mzee wa watu maji mapajani.
Mchumba akanishika mkono, akauliza mbona sipigi simu. Nikasema nilitaka kumshtukiza.
"Sitaki kushtukizwa. Kesho nipo kwa mama. Njoo tu, tule, tukae."
Sauti ileile. Hata masikio yangu yalikuwa na njaa.

Jumapili, 9 Juni
"Njoo tu"? Mwanamke aliyezunguka dunia haendewi mikono mitupu! Alfajiri nimedandia ndege kurudi uwanja mkuu, nikamnunulia maua ambayo kwao hayapatikani. Ndege ya kurudi kwao imefutwa. Ukungu.
Si neno. Nitamsubiri hapahapa hadi amalize likizo. Atashtuka huyo! Nimeomba glasi ya maji mgahawani, nimeyatumbukiza maua.
Simu inaita. Ni yeye. Mara ya pili sasa. Natamani kuisikia sauti ile hadi vidole vinawasha.
Sipokei. Nitaharibu mpango.