Rubisi ya Miguu Migonjwa

Jumatatu, 3 Juni

Jina langu limepita! Jana baada ya ibada Mchungaji alisoma majina ya wagombea wa uzee wa kanisa hapa Izimbya. Nafasi moja, majina mawili. La kwanza Aroni Mwijage, yaani mimi. La pili Kagaruki, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Esther, mtu ambaye hata akipiga chafya hugeuka kutazama kama watu wamesikia.

Mzee wa kanisa! Anakaa benchi la mbele, lile lenye mto, anatazamana na watu. Msibani anaitwa ndani. Harusini sahani yake inaanza na nyama, ndizi baadaye. Mimi miaka yote nakaa nyuma karibu na mlango, upepo unaniingia shingoni. Nafasi hii naitaka. Naitaka mno.

Kisha Mchungaji akaongeza kwamba mgombea asionekane penye pombe mpaka siku ya kura, tarehe kumi na sita. Akanitazama mimi. Kwa nini mimi? Kanisa lilikuwa limejaa!

Sasa nitafanyaje? Wiki mbili bila rubisi ya Ta Joackim! Ni jirani yangu, Mkatoliki, anakamua ndizi tangu sijazaliwa. Rubisi yake si ile nyeusi, nzito, ya watu wengine. Ni nyeupe, nyepesi, inapanda puani taratibu. Na nyumba ya Kagaruki inatazama njia ya kwenda kwake. Tangu jana jioni shemeji kahamishia kiti chake barazani. Nimekiona.

Lakini Mwijage hashindwi. Mimi sitakwenda kwenye rubisi. Rubisi itakuja kwangu. Nitatengeneza ileile, humu humu nyumbani, ninywe stoo mlango umefungwa. Kwani rubisi ni nini? Ndizi, nyasi, maji, mtama, na miguu ya kukanyagia. Miguu ninayo.

Jumanne, 4 Juni

Nimekutana na Ta Joackim mpakani, kati ya migomba yake na yangu. Nikamwambia binamu yangu aliyeko Goziba anataka kujua rubisi nzuri inavyotengenezwa. Akauliza huyo binamu atapata wapi ndizi kwenye kisiwa cha mawe na dagaa. Nikasema zitapelekwa kwa boti. Akacheka mpaka akashikilia mgomba.

Halafu akanieleza yote, hakuficha kitu. Ndizi za embiire zivundikwe shimoni mpaka ziive sawasawa. Zikanyagwe na nyasi safi. Maji kiasi. Mtama ukaangwe, usagwe, utiwe. Mwisho akasema rubisi humfuata aliyeikanyaga, miguu ikiwa safi nayo itakuwa safi. Mambo ya wazee hayo! Nikamshukuru kwa niaba ya Goziba.

Jioni nimechimba shimo nyuma ya kahawa. Esther akauliza la nini. Nikasema la mbolea. Akanisifu kwamba safari hii nimeamua kuwa mkulima. Mvumilivu hula mbivu. Mimi nitazinywa.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa!

Asubuhi Esther alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikafukua embiire zangu, zimeiva, zinanukia mpaka nyuki wakanifuata. Nikazimenya, nikazitia kwenye pipa nililolikata nusu, nikakunja suruali, nikaingia. Raha iliyoje! Nimefika magotini, naimba wimbo wa kipaimara, mlango ukafunguka. Mwalimu wa kwaya alikuwa na homa. Mazoezi yamevunjika.

Esther akauliza mimi, Baba Evelyne, nafanya nini. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba hiyo ni rubisi.

Ulimi wangu ukatoka peke yake, mimi sikuutuma. Nikasema ni dawa. Daktari mmoja wa Bukoba mjini kaniagiza kwa ajili ya miguu. Esther akauliza daktari gani anaagiza rubisi. Nikamwuliza kama amewahi, katika maisha yake yote, kuona mkamua rubisi anayechechemea. Nikaongeza kwamba Ta Joackim amepita miaka themanini na anapanda mlima kama mbuzi. Akaitazama miguu yangu, anafikiri. Mawe, mama yangu! Nikaona imeingia.

Akalia. Akasema nimeteseka kimyakimya, mficha uchi hazai, kwa nini sikumwambia kwamba miguu inaniuma. Akaniosha miguu kwa mikono yake. Nikaona aibu kidogo.

Aibu iliisha aliponyanyua pipa. Akasema sisi Walutheri miguu tumekwisha kuitibu, ile dhambi iliyobaki wacha iende ardhini. Akamwaga yote kwenye shina la mgomba. Yote! Nilisimama pale nikiangalia povu linazama. Sijawahi kuuonea mgomba wivu namna hii.

Jumapili, 9 Juni

Esther kasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alieleza kila kitu: miguu yangu, daktari, pipa, nyasi. Nikazama kwenye benchi mpaka kidevu. Kisha akauliza lile swali langu, kama kuna aliyewahi kuona mkamua rubisi anayechechemea. Kanisa zima likanong'ona. Hakuna aliyewahi! Watu wakapiga makofi.

Mama Mchungaji ndiye wa kwanza kunifuata nje. Mguu wake wa kushoto haumpi usingizi. Nyuma yake Umoja wa Wanawake wote, huyu kisigino, yule goti. Mchungaji akakuna kichwa muda mrefu. Mwishowe akaruhusu, kwa sharti kwamba juisi yote imwagwe.

Nikajitolea kumwaga. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, kazi hiyo ya hatari niachiwe mimi. Mchungaji akanishika bega. Kagaruki alikuwa kakunja uso kama aliyeng'ata pilipili.

Kwa hiyo ndizi wataleta wao. Miguu wataleta wao. Mimi ni kumwaga tu! Nimelala mchana nikitabasamu.

Jumanne, 11 Juni

Wamekuja! Kila mama na kapu lake la embiire zilizoiva. Wakaingia pipani kwa zamu, vitenge vimekunjwa, wanaimba sauti nne. Mimi mlangoni natoa maelekezo: polepole, geuka, bonyeza kwa kisigino, hapo hapo mama. Mama Mchungaji akasema anasikia ubaridi unapanda mguuni, maumivu yanaondoka. Wote wakasema nao wanausikia. Imani ni kitu kikubwa.

Juisi nikaipeleka nyuma ya nyumba, nikaichuja, nikaitia mtama, nikaificha kwenye madumu chini ya magunia ya kahawa. Kwenye mgomba nikamwaga ndoo mbili za maji ya kawaida, nikapiga miayo ya mtu aliyechoka.

Esther kauliza mtama wake umekwenda wapi. Nikasema nimewapa kuku. Baadaye nikakumbuka kuku tuliuza Pasaka.

Jumatano, 12 Juni

Ta Joackim kawaona wanawake pipani. Kajishika kichwa. Kwao tangu babu wa babu yake mwanamke haingii kwenye ndizi za rubisi, kazi hiyo ni ya wanaume. Nikamnong'oneza kwamba hii si rubisi, waitu, mzee wangu, hii ni tiba.

Akatazama pipa, akatazama nyasi, akanitazama mimi. Akauliza binamu wa Goziba hajambo? Nikasema hajambo. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akaenda zake akicheka. Wazee wengine hawana adabu.

Binti yetu Evelyne kapiga simu kutoka Muleba. Habari zimefika hata huko, mwalimu mwenzake anauliza kama natibu na mgongo. Nikasema bado nachunguza.

Alhamisi, 13 Juni

Kagaruki kaja. Anachechemea! Jana alikuwa mzima, nilimwona anakimbiza ndama. Eti na yeye anataka tiba. Nikajua kaja kupeleleza. Nikamweka pipani muda mrefu kuliko wote, mpaka jasho likamtiririka masikioni.

Alipotoka akataka kuona ninapomwaga. Nikampeleka mgombani, udongo umelowa vizuri. Akainama, akanusa. Akasema hasikii harufu yoyote. Nikamjibu hiyo ndiyo kazi ya udongo, shemeji. Akajipangusa udongo puani.

Wanawake wote wako upande wangu. Nikipita njiani wananiita Daktari. Benchi la mbele nimeshaanza kulisikia chini yangu, na ule mto wake.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya kuonja. Esther yuko gulioni. Nikajifungia stoo na kibuyu na mrija.

Rangi: ileile! Nyeupe, safi, hata Ta Joackim angeapa ni yake. Povu: dogo dogo, lina heshima. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikavuta mrija.

Mafuta ya kuchua!

Nikavuta tena nihakikishe. Mafuta ya kuchua, yale makali, ya kijani. Mdomo baridi. Koo baridi. Pua zote mbili zikafunguka, hata ile iliyoziba tangu masika. Nikaelewa. Mtu mwenye miguu mibovu hulala kajipaka dawa, anaamka anajipaka tena. Umoja wa Wanawake wote walikuwa wamejipaka! Huo ubaridi uliokuwa unampanda Mama Mchungaji ulitoka kwenye chupa yake mwenyewe.

Na huyu Kagaruki! Dumu la Alhamisi ndilo baya kuliko yote. Kwa sababu mguu haukuwa mgonjwa, kajipaka chupa nzima ili aaminike. Mnafiki mkubwa.

Nilikunywa vibuyu vitatu. Ndizi za watu zisipotee. Machozi yalinitoka mpaka jioni, Esther akadhani naombea uchaguzi.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya kura. Nilivaa koti la harusi ya Evelyne. Nikaketi karibu na njia ya katikati, nisije nikachelewa kuitwa mbele. Vikaratasi vikapita, vikahesabiwa.

Kagaruki.

Kagaruki! Kura zangu zingetosha kwenye vidole vya mkono mmoja, na mojawapo niliipiga mwenyewe. Nikadhani kuna makosa. Nikadhani wamegundua madumu. Miguu ilinitetemeka, safari hii kweli.

Nje Mama Mchungaji akanijia na Umoja wa Wanawake wote, wanang'aa. Akaeleza. Walikaa wakashauriana. Mzee wa kanisa ana vikao, ana safari, ana kesi za ndoa za watu. Sasa akichaguliwa Aroni, nani atawatibu miguu? Wakaona karama kama yangu isipotezwe kwenye vikao. Kwa hiyo wote kwa umoja wakampa Kagaruki, ambaye hana kazi.

Nikamtazama Esther. Akasema na yeye vilevile. Alikuwa na machozi ya furaha, akanishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hajafanya tangu tuoane.

Nimeumia. Niandike ukweli, nimeumia sana. Kagaruki kaketi kwenye mto ule anatazama watu, na mguu kaukunja juu ya mwingine, hauumi hata kidogo.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Ta Joackim kaniita kutoka mpakani. Kafungua rubisi mpya, nyeupe kuliko zote za mwaka huu. Kasema sasa mimi si mgombea tena, hakuna anayenizuia, nije ninywe bure, kibuyu kimekwisha kujazwa. Hata mrija kauchonga mpya.

Ni kweli. Hakuna anayenizuia. Ni hatua chache tu kuvuka mpaka.

Lakini usiku nimefikiri sana na kosa nimeliona. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa yale mafuta! Kwa hiyo wakati wa chai nikamwambia Esther kwamba daktari wa Bukoba kapiga simu. Anasisitiza mgonjwa asipake dawa yoyote siku tatu kabla ya tiba, na aoge miguu kwa sabuni ya mche. Wazee wa kanisa wasiingie pipani kabisa, damu yao haikubaliani na ndizi. Esther kaondoka mbio kuwaarifu wenzake. Wanakuja Alhamisi.

Nikamjibu Ta Joackim kwamba nashukuru sana, waitu, ila leo sina nafasi. Nasugua pipa.