Winrose na Vita vya Nyuzi za Mau Narok

Tulieni, enyi watu wa Nakuru na nyanda za juu zote! Zimeni redio, epueni sufuria, msikilize habari za Winrose, mshika kamera asiyetetereka, siku aliyoingia vitani na dirisha la kutolea video kwenye kompyuta.

Chanzo kilikuwa nguo. Kina mama wa kwaya ya Mau Narok walitarizi sare zao kwa mkono, ua baada ya ua, nao wenzao wa Keringet wakaeneza kwamba hiyo ni kazi ya mashine. Na kwa kuwa hakuna mama mwenye heshima atakayemwinamia mwenzake kifuani akague mshono, ukuta wa ukumbi wa kanisa mjini Nakuru ndio ungeamua, Jumapili, video ya Winrose ikionyeshwa.

"Ile video ya Pasaka ulituletea nyuso zimepondeka kama viazi vya mukimo," Mama Mugure, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amemwonya. "Ukirudia, Keringet watatucheka mpaka Krismasi, na kazi yetu tunampea Lewis, yule mshindani wako."

Basi Winrose akaketi mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya kama juu ya mpini wa upanga. Dirisha likafunguka, nayo machaguo yakajipanga safu kwa safu, kila moja likiapa kuwa ndilo bora.

"Boss, weka 4K," akasema Wanyoike, mpiga picha wa chumba cha pili cha studio, akitafuna hindi choma. "Ikuwe kubwa. Watu wa kanisa wanapenda kitu kubwa."

"Ewe Wanyoike," akajibu shujaa, "kamera ilirekodi 1080, robo tu ya hiyo. Nikiivuta ifike 4K, kompyuta itabuni nyuzi ambazo hakuna mama aliyezishona. Hapo Keringet watakuwa na haki!"

"Sawa, basi punguza itoshee WhatsApp."

"Huko ndiko Pasaka ilikogeuka mukimo."

Akaifungua faili asili, akasoma sifa zake, akazifuata. Ukubwa uleule. Fremu ishirini na tano kwa sekunde, si thelathini alizopachikiwa na mashine bila kuulizwa. Kiwango cha data kisichopungua cha kamera. Kisha akabonyeza, na feni ya kompyuta ikanguruma kama jeshi linalovuka mto.

Simu ikalia; alikuwa Mama Mugure. "Winrose, tuma kwa grupu ya kwaya."

"Mama, hata mbingu zikianguka! Naileta mwenyewe kwa flashi."

Jumapili ukuta ukawaka. Kila uzi ulionekana. Mama Chelagat, jemadari wa Keringet, akainuka, akausogelea ukuta, akaweka kidole juu ya ua moja.

"Hapa pamepinda," akasema. "Hii ni sare ya nani?"

Mama Mugure akasimama, shingo wima.

"Ni yangu. Na mashine gani ingeshona vibaya hivyo?"

Mama Chelagat akatazama tena, akarudi kitini. Mau Narok wakalipuka kwa vigelegele, na ikaingia katika tarehe ya Bonde la Ufa kwamba siku hiyo mshono mbaya wa Mama Mugure ulionekana vizuri kabisa.