Hatua za Bwana Stoo

Kisa hiki alinisimulia Bibi Fundi mwenyewe, mwaka jana, siku tuliyokaa benchi moja kwenye kliniki ya macho tangu asubuhi mpaka daktari akaenda kula, akala, akarudi. Pale ambapo yeye hakuwepo alipajazia kwa maneno ya Rahisi, ambaye siku hizi hukiri mambo yake hata asipoulizwa. Mimi nimeunga vipande tu.

Huyo Rahisi jina alilopewa na wazazi wake limeshapotea. Watu walimwita Rahisi kwa kuwa duniani hapakuwa na jambo lililokuwa gumu kwake, ilimradi lifanywe na mtu mwingine. Alikuwa amevuka miaka arobaini, mdomo wake ni asali, miguu yake bapa kama sahani. Na kwa kuwa mtu anayeishi kwa mdomo hana budi kuwafuata wenye masikio, alitembea mji mzima kila siku, na kila siku aliilaani miguu yake. Alitaka kitu kimoja tu maishani: pikipiki. Aipate, apande, asikanyage ardhi tena mpaka siku ya kuzikwa.

Asubuhi moja alikuwa ameegemea ukuta wa kiwanda cha magodoro, kiatu mkononi, anatoa kokoto, ndipo akaona tangazo limebandikwa getini. Mkurugenzi wa kiwanda, mama mmoja mwembamba aliyetoka kupimwa moyo, alikuwa amewatazama wafanyakazi wake akaona wamefanana na bidhaa wanazotengeneza. Basi akaagiza saa ndogo za kuhesabu hatua. Kila mmoja atavaa ya kwake, aanze kutembea, na baada ya wiki sita mwenye hatua nyingi kuliko wote atapewa pikipiki mpya.

Rahisi alisoma mpaka kwenye neno pikipiki, akaishia hapo. Yaliyofuata aliyaona ni mapambo.

Punde akatoka mtunza stoo wa kiwanda, mtu mkubwa, mpole, anayehema kwa kutoka tu kwenye kiti. Saa ya hatua ilikuwa imembana mkononi kama uzi kwenye soseji.

"Shikamoo, bwana mkubwa," Rahisi akamwamkia, ingawa walikuwa rika moja. "Umeshafikisha ngapi leo?"

"Mia na kumi," akasema Bwana Stoo kwa huzuni. "Na tisini kati ya hizo ni za kwenda chooni."

"Pole sana, kaka. Na nyumbani wanasemaje?"

Hapo aligusa kidonda. Bwana Stoo akamweleza kwamba mama mkwe wake amekuja kukaa, na kila akimwona anainuka humuuliza kama ni mapacha. Mke wake anamchemshia majani asubuhi na jioni. Hataki pikipiki, hataki chochote, anataka cheti tu cha mtembeaji hodari akitundike sebuleni, mkwe anyamaze.

"Rahisi hiyo!" akasema Rahisi. "Nipe saa yako. Mimi nitaitembeza. Wewe chukua cheti na heshima, mimi nitakusaidia kubeba mzigo wa hiyo pikipiki."

"Huo si udanganyifu?"

"Kaka, maji ya kunywa unachota mwenyewe? Nguo unajishonea? Kila mtu ana fundi wake. Na mimi ni fundi wa hatua."

Bwana Stoo akavua saa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile Rahisi alitamani iwe fupi zaidi, maana kutoka pale hadi kwake ni mwendo wa nusu saa.

Sasa msidhani Rahisi alikuwa na nia ya kutembea. Katika chumba kilichopakana na chake alikaa Bibi Fundi, mjane aliyeshona nguo kwa cherehani ya kukanyaga tangu ujana wake. Kutwa nzima miguu yake ilikuwa juu ya kile kibao cha chuma, juu chini, juu chini, tikitiki-tikitiki, mpaka watoto wa nyumba ile walikuwa hawalali mchana bila kuisikia. Rahisi alikwishaipigia hesabu miguu ile kabla hajafika mlangoni.

"Bibi, shikamoo. Goti lako linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Linauma kama kawaida yake."

"Basi leo Mungu amekukumbuka. Hii hapa ni dawa mpya, haimezwi. Inafungwa kwenye kifundo cha mguu wakati wa kushona. Inavuta maumivu polepole, na kila inapovuta inaandika namba. Ijumaa mimi naichukua, naipeleka kwa wataalamu wakaimwage, halafu nakurudishia."

Bibi Fundi akaitazama ile saa, akamtazama na Rahisi. Akavuta mguu wa kushoto. "Nifunge, basi."

Ijumaa ya kwanza, karani aliyekuwa akisoma saa za wafanyakazi aliisoma ya Bwana Stoo mara mbili, kisha akaipigapiga mezani. Ilikuwa na hatua nyingi kuliko za ofisi nzima ya uhasibu kwa ujumla wao.

"Bwana Stoo, unatembelea wapi?"

"Huku na huku," akasema Bwana Stoo, jasho linamtoka.

"Inaonekana. Hata sasa unatoka jasho."

Hapa nimwache Rahisi kidogo anachagua rangi ya pikipiki kichwani, niseme habari moja ambayo yeye hakuijua. Sare za kile kiwanda, yale makoti ya buluu yenye mifuko miwili, alizishona nani? Bibi Fundi. Siku alipopeleka makoti kumi na mawili, akakuta watu getini wanafungana saa mikononi, saa zilezile. Akavaa miwani. Bibi Fundi hakusoma sana, aliishia darasa la nne, na labda ndiyo sababu akipata maandishi huyasoma yote mpaka nukta ya mwisho, asipoteze kitu. Na mwisho wa tangazo paliandikwa kwamba shindano ni la kila anayekifanyia kazi kiwanda, wa ndani na wa nje, hata mafundi na vibarua.

Akaenda kwa karani. Karani akampa saa, akamwandika nambari arobaini na mbili, wa mwisho kwenye orodha. Bibi Fundi akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, akaifunga saa yake kwenye mguu wa kulia. Kushoto dawa ya Rahisi, kulia ya kwake. Gauni lake refu likaifunika yote.

Wiki ya pili karani akabandika ubao wenye nambari za washiriki na hatua zao. Saba, yaani Bwana Stoo, alikuwa juu. Lakini wiki ya tatu arobaini na mbili akatokea wa pili, na Rahisi na Bwana Stoo wakaingiwa na baridi.

"Ni nani huyu?" Rahisi aliuliza.

"Sijui. Labda yule dereva mwembamba."

Wakamvizia dereva mwembamba siku nzima. Alilala ndani ya gari. Wakamvizia mlinzi, mlinzi alisimama tu. Rahisi akafika kwa Bibi Fundi akiwa amekunja uso.

"Bibi, kuna watu wana roho mbaya. Mtu anatembea usiku na mchana kwa ajili ya kumpita mwenzake tu!"

"Dunia ina wenye bidii, mwanangu," akasema Bibi Fundi, tikitiki-tikitiki. "Nipitishie huo uzi mweusi."

Mwanzo wa wiki ya nne, Rahisi alimkuta ameikunja ile saa ndani ya kipande cha kitambaa safi, ameiweka mezani.

"Chukua dawa yako. Nimepona."

"Umepona? Haiwezekani! Yaani, alhamdulillahi, lakini dozi haijaisha, bibi!"

"Goti jepesi, tazama." Akalikunja, akalikunjua. "Sasa nikiendelea kuvuta si itavuta na nguvu zangu nzuri? Wapelekee wengine wanaoumwa. Wewe mwenyewe juzi nilikusikia unalalamika miguu. Jifunge."

Atasema nini? Aseme kwamba si dawa? Mwenye kusema uongo akiambiwa ahsante hana pa kukata rufaa. Rahisi akaichukua saa, akatoka nayo uani, akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amlee. Zilibaki wiki tatu. Arobaini na mbili alikuwa anakuja kwa kasi. Na pikipiki ilikuwa tayari imeegeshwa getini mwa kiwanda, nyekundu, kiti bado kina plastiki.

Akajifunga mwenyewe.

Siku ya kwanza alijaribu ujanja. Aliifunga kwenye mkia wa mbuzi wa jirani, mbuzi akalala. Akaitikisa kwa mkono akiwa amekaa, mkono ukafa ganzi. Saa sita mchana alikuwa na hatua mia nane. Basi mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kutotembea tena akaanza kutembea kweli: alfajiri hadi sokoni, soko hadi stendi, stendi hadi makaburini, makaburini akapumzika kwa adabu, akarudi. Usiku aliloweka miguu kwenye beseni akiongea nayo kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha binadamu.

Siku ya tatu Bwana Stoo alimfuata. Alikuwa hana usingizi kwa wasiwasi.

"Nimekuja kuhakikisha hukai chini," akasema.

"Utaweza kunifuata?"

"Nitakuwa nyuma yako kidogo."

Kidogo hiyo ilikuwa mtaa mzima. Rahisi alisimama kumngoja kwenye kila kona, akimtukana kwa mapenzi: "Twende, shehena! Twende, godoro la sita kwa sita!" Naye Bwana Stoo hakuwa na pumzi ya kujibu, akawa anajibu kwenye kona inayofuata: "Godoro… ni… mama yako mdogo!" Wiki ilipokwisha alijibu papo hapo. Wiki iliyofuata alijibu na kuongeza tusi la pili. Jioni moja walikwea ngazi za daraja la waenda kwa miguu wakibishana kuhusu mpira, na walipofika juu ndipo wakatambua kwamba wamekwea, na hakuna aliyekufa. Mama mkwe akaacha kuuliza habari za mapacha. Akaanza kuuliza mkwewe anakwenda wapi kila alfajiri akiwa anapiga mluzi.

Na Bibi Fundi? Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alikuwa na lundo la sketi na kaptula la kufika dirishani. Cherehani haina mlima, haina jua, haina mbwa wa kukimbiza mtu. Tikitiki-tikitiki.

Siku ya zawadi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, viti vimepangwa uani mwa kiwanda. Rahisi alikaa mstari wa nyuma kama mgeni, kofia ya pikipiki amekwisha kuinunua, ameipakata. Mkurugenzi akamtaja wa tatu, wakapiga makofi. Akasema, "Wa pili, nambari saba, mtunza stoo wetu!" Bwana Stoo akainuka, akapewa cheti chenye mhuri. Nyuma, kofia ikaanguka.

"Na wa kwanza, aliyempita kwa hatua mia tatu na kumi na nne tu, nambari arobaini na mbili."

Akasimama Bibi Fundi, gauni la maua, miwani, mkoba mkononi.

"Huyo hajatembea!" Rahisi alishapiga kelele kabla akili haijamshika ulimi.

Watu wakageuka. Mkurugenzi akamtazama juu ya karatasi zake. "Wewe nani?"

"Mimi… jirani yake."

"Vizuri. Tuambie, jirani, mama huyu anafanya nini kutwa?"

"Anashona."

"Kwa umeme au kwa mguu?"

"Kwa mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wake."

"Basi hatua ni zake. Nilisema wasogeze miguu, sikusema wasogee wapi. Au yupo hapa aliyeshindana kwa miguu ya mwenzake? Asimame tumwone."

Bwana Stoo akainamisha macho kwa aibu, na huko chini akaviona viatu vyake. Alikuwa hajaviona akiwa amesimama kwa miaka tisa. Alivitazama kwa muda mrefu, tena kwa furaha, wakati watu wanapiga makofi.

Binti wa Bibi Fundi, ambaye kazi yake ni kubeba abiria kwa pikipiki ya tajiri wake, akaja akaiwasha ile nyekundu, mama yake akapanda nyuma. Wakapita mbele ya Rahisi.

"Bibi," akasema Rahisi kwa sauti ndogo, "ulijua tangu lini?"

"Mwanangu, dawa gani inayoonyesha saa na tarehe?" Akajitengeneza kitini. "Ningekupa lifti, lakini hiki ni cha wawili. Hiyo kofia niazime."

Akampa. Atafanyaje?

Zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa godoro. Bwana Stoo alikuwa mtu wa neno lake: "Tulikubaliana cheti changu, zawadi yako." Hapakuwa na gari la kulibeba. Wakalitwika vichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, wakatembea mji mzima na jua la mchana, na kwenye kila kona mmoja akimwita mwenzake jina baya.

Saa nane mchana Bibi Fundi alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya cherehani, miguu ameiinua juu ya lundo la vitambaa. Bwana Stoo alikuwa amelala sebuleni kwake kwenye kiti, chini ya cheti, mama mkwe akimpepea nzi. Rahisi peke yake alikuwa macho, chali juu ya godoro jipya, hasira imemjaa. Akaapa hatalala mpaka apate mpango mwingine. Wapo watu wengi mjini, aliwaza, ambao hawapati usingizi. Matajiri hasa. Sasa ukimwendea tajiri ukamwambia kwamba usingizi wake unaweza kulalwa na mtu mwingine, mtaalamu, kwa niaba yake, kitu ambacho ni rahisi sana, yaani unachohitaji ni godoro tu na…