Bilioni Tatu za Ushairi

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi wa shule anataka programu ya kupanga vitabu. Atakayeshinda Ijumaa atakaa kaunta kila mapumziko. Kaunta! Kiti, ukimya, na hakuna wa kuniuliza kwa nini sichezi mpira. Mpinzani ni mmoja tu: Rula, binti wa darasani kwetu anayepiga mstari hata chini ya jina lake.

Jumanne, 5 Machi
Natumia lugha ya kompyuta iitwayo C. Kila aina ya vitabu nimeipa namba. Yenye namba kubwa hukaa juu. Mkutubi anapenda ushairi, chai yake hupoa akisoma. Basi ushairi nimeupa bilioni tatu. Nani ataufikia! Kompaila, ile programu inayoitafsiria mashine maandishi yangu, ikanung'unika: namba imezidi kipimo, mashine nyingine huenda zikaisoma vingine. Hapa nyumbani inafanya kazi vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Dada kaliona onyo. Akaniambia, we mtoto, hilo hawakuandikiwa majirani. Nikamjibu kwa adabu kwamba hajui C. Akasema kusoma anajua. Nimezima maonyo yote. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Machi
Rula kauliza kama nimeijaribu kwenye kompyuta ya maktaba, maana ni kuukuu na kompaila yake ni nyingine. Nikacheka kwa dharau. Kisha nikawaza kwenda kuijaribu. Lakini sikwenda. Ningemkuta mkutubi, ningelazimika kuongea.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Kompyuta ya maktaba imesoma bilioni tatu kuwa hasi bilioni moja na ushee. Ushairi ukaenda mkiani, chini ya Vitabu Vilivyotafunwa na Panya. Mkutubi akavua miwani, akauliza taratibu, mwanangu, washairi wamekukosea nini? Darasa hoi kwa kicheko. Kiti kapewa Rula. Baadaye akanifuata: Alhamisi ana mazoezi, je, nitamshikia kiti? Mkutubi kakubali, mradi Jumatatu nilete programu iliyonyooka. Kaongeza kuwa namba moja hadi kumi zatosha, na kwamba siku hiyo hiyo kompyuta kuukuu inaondoka, inakuja mpya.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona. Kama kompyuta ya maktaba hugeuza bilioni tatu kuwa hasi, dawa ni kuandika hasi bilioni tatu, iigeuze kuwa chanya. Hapa nyumbani ushairi umeshuka mkiani, lakini hapa si maktaba. Kompaila imepiga kelele tena. Nimeinyamazisha.

Kesho naiweka kwenye kompyuta mpya. Alhamisi yangu hiyo!